Ulinzi wa Ziwa Nyasa na Haki ya Wenyeji Wake

Tanzania ina sifa duniani kwa wingi wa hifadhi zake, na sifa hiyo si ya bure. Hata hivyo, mtu akizipitia hifadhi zake 21 za taifa moja baada ya moja, ataona ajabu moja ambayo haijasemwa vya kutosha. Ziwa Victoria lina Rubondo na Saanane. Ziwa Tanganyika lina Gombe na Mahale. Bahari ya Hindi ina Saadani, na zaidi ya hiyo ina hifadhi za bahari za Mafia na Ghuba ya Mnazi. Ziwa Nyasa, ambalo aina za samaki wake ni nyingi kuliko za ziwa lingine lolote duniani, halikupewa hifadhi ya taifa hata moja upande wa Tanzania.

Majirani hawakukaa hivyo. Malawi iliweka hifadhi ya taifa katika ziwa hilo mwaka 1980, nayo ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984. Msumbiji ilitangaza hifadhi yake ya ziwani mwaka 2011. Kati ya mataifa matatu yanayokunywa maji ya ziwa moja, mawili yamekwisha kunyosha mkono wa ulinzi. La tatu limeukunja.

Ufuko wa Tanzania huanza mlangoni mwa mto Songwe katika Kyela, ukapita Matema na Ikombe, ukashika njia ya kusini chini ya Milima ya Livingstone hadi Lumbila, Lupingu na Manda, kisha ukaendelea mpaka Mbamba Bay. Nusu yake ya kaskazini ilikuwa mali ya mikoa miwili, Mbeya na Iringa, mpaka mwaka 2012 wilaya ya Ludewa ilipotolewa Iringa na kutiwa katika mkoa mpya wa Njombe. Shauri linalotetewa hapa ni kwamba ufuko huo wastahili ulinzi, na wastahili kuupata sasa. Lakini ulinzi wenyewe uwe mikononi mwa watu wa vijiji vya ufukoni, kwa sheria walizozipitisha wao na kwa faida itakayowafikia wao. Shauri hili lina maadui wawili. Wa kwanza ni yule asemaye kwamba hakuna kitu cha kulindwa. Wa pili ni yule asemaye kwamba kulinda maana yake ni kuhamisha watu. Wote wawili wamekosea, na kosa la wa pili lina hasara kubwa zaidi.

Kwanza yafaa kueleza kilichopo. Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita zipatazo 570 na eneo la kilomita za mraba karibu 29,600, na kilindi chake chapita mita 700. Katika upande wa Milima ya Livingstone nchi kavu haishuki majini polepole. Mlima huanguka, na mawe yake huendelea kushuka chini ya maji kama yalivyoshuka juu yake. Maji ni meupe. Mtu mwenye miwani ya maji na mrija wa kupumulia, akilala kifudifudi hatua chache kutoka ufukoni, huona chini yake mawe makubwa kama nyumba, na juu ya mawe hayo samaki wa rangi ya samawati, manjano na machungwa, kila mmoja akilinda kijipande chake cha jiwe dhidi ya jirani. Watu wa upande wa Malawi huwaita mbuna, na jina hilo limeenea katika vitabu vya elimu ya samaki.

Uzuri wa samaki hao ni jambo dogo ukilinganishwa na maisha yao. Aina za jamii hii ziwani zahesabiwa kwa mamia, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote ulimwenguni. Jike huchukua mayai kinywani mwake, akayatunza humo kwa muda wa majuma kadhaa mpaka watoto watoke wakiogelea. Hutaga machache, kwa kuwa kinywa kina mpaka. Samaki wa miambani haendi mbali. Mchanga uliopo baina ya mwamba na mwamba kwake ni kama jangwa, wala hathubutu kulivuka. Kwa sababu hiyo wa mwamba huu hukaa vizazi na vizazi bila ya kuchanganyika na wa mwamba ule, hata rangi zao zikaachana, na mwisho wakawa watu mbalimbali. Basi kila mwamba ni kisiwa ndani ya maji. Kokoro likipita mahali pengine huondoa samaki ambao kesho watarudi kutoka kando. Likipita katika mwamba wa namna hii laweza kuondoa aina ambayo haina kwao pengine.

Adui wa kwanza wa shauri hili husema kwamba ziwa ni chungu cha kitoweo, na kwamba samaki asiyejaza sahani hana habari ya kuhojiwa. Usemi huu wajidai kuwa wa mtu wa kawaida dhidi ya anasa za wasomi, kumbe ni dharau juu ya mtu wa kawaida mwenyewe. Mvuvi wa Kikisi hamwoni kila samaki kuwa sawa. Anamjua usipa anayetembea kwa makundi katika maji ya wazi, na anamjua mbasa apandaye mitoni kutaga. Mwenye ujuzi huo hakosi kujua tofauti ya mwamba na mchanga. Asiyejua ni msomi wa mjini, ambaye amesoma habari za tembo wa Ruaha tangu darasa la kwanza, wala hajapata kuambiwa kwamba chini ya milima anayoiona kwa mbali pana viumbe wasiokuwako kwingine duniani.

Aibu ya jambo hili yaonekana katika biashara ya samaki wa mapambo. Kwa miaka mingi samaki wa miamba ya Ziwa Nyasa wamekuwa wakifugwa katika masanduku ya kioo huko Ulaya na Marekani, na wafugaji huwataja kwa jina la mahali walikotolewa. Jina la Lupingu, kijiji cha Ludewa, na jina la kisiwa cha Lundo karibu na Liuli, yamo katika orodha za wauzaji wa nchi za mbali. Mtu wa Ujerumani huweza kulitamka jina la Lupingu kwa mapenzi kwa sababu ya samaki aliye sebuleni kwake, na hali mwanafunzi aliyezaliwa Mbeya au Iringa hajui kwamba samaki huyo yuko. Mali inayojulikana kwa mnunuzi na isiyojulikana kwa mwenyewe huuzwa kwa bei ya mnunuzi.

Tena kuna hoja ya mpaka. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliweka mpaka ufukoni, na Malawi yaushikilia. Tanzania yadai mpaka wa katikati ya maji, na ugomvi huo uliwaka upya katika mwaka 2012, hata marais wastaafu wa Afrika wakaitwa kusuluhisha. Hapa si mahali pa kuamua kesi hiyo. Lakini anayedai maji na adai pia kazi ya kuyatunza. Taifa linalosema kwamba maji haya ni yake, na hapo hapo halina hifadhi ya taifa hata kwa mwamba mmoja ulio ndani yake, hujidhoofishia ushahidi wake lenyewe.

Sasa tumgeukie adui wa pili, ambaye hana dharau. Yeye hupenda viumbe, hupenda wageni, na hupenda fedha wanazoleta. Atakubali yote yaliyosemwa juu ya miamba, kisha atatoa dawa yake: tangazeni hifadhi, wekeni mipaka, ondoeni watu. Dawa hii imekwisha kujaribiwa katika mkoa wa Mbeya, na matokeo yake yanajulikana.

Bonde la Usangu hukusanya maji ya milima ya Mbeya na Iringa, likayapeleka katika kinamasi cha Ihefu, na kutoka huko mto wa Ruaha Mkuu hutoka kwenda kuwanywesha wanyama wa hifadhi na kujaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo, ambao zamani haukupata kukatika, ulianza kukauka wakati wa kiangazi. Wafugaji waliotuhumiwa ni Wasukuma, Wamasai, Wabarabaig na wengineo waliohamia bondeni kwa miaka mingi. Mwaka 1998 sehemu ya bonde ikafanywa pori la akiba. Mwaka 2001 Serikali iliahidi kwamba ifikapo mwaka 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 amri ilitoka ya kuwaondoa wafugaji, na katika mwaka huo na uliofuata malaki ya ng'ombe walitolewa Usangu, wengi wakielekezwa Lindi na Pwani, safari ndefu iliyoua mifugo na kutawanya jamaa. Malalamiko yalikuwa mengi hata Rais akaunda tume ya kuyachunguza mwaka 2007. Mwaka 2008 Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, ikaifanya kuwa na kilomita za mraba zaidi ya 20,000, kubwa kuliko hifadhi zote za taifa hilo kwa wakati ule.

Baada ya yote hayo, je, mto ulitiririka? Mwaka wa ahadi ulifika ukapita, na mto ukaendelea kukauka kiangazi baada ya kiangazi. Wataalamu waliopima maji ya bonde walikuwa wamekwisha kuonya kabla ya ng'ombe kuondolewa kwamba sehemu kubwa ya maji yachukuliwa juu, na mifereji ya mashamba ya mpunga. Ng'ombe alihukumiwa kwa kosa ambalo sehemu yake kubwa lilikuwa la mfereji. Na mipaka mipya ya 2008 ilizaa ugomvi na vijiji vya Mbarali uliodumu zaidi ya miaka kumi. Methali yasema mgeni njoo mwenyeji apone. Usangu iliigeuza: mgeni aje, mwenyeji ahame.

Haisemwi hapa kwamba Ihefu haikustahili kulindwa. Ilistahili, na yastahili hata leo. Linalosemwa ni kwamba ulinzi ulioanza kwa kumtafuta wa kufukuzwa, kabla ya kutafuta sababu ya ugonjwa, ulikosa vyote viwili: haukumponya mgonjwa, na ulijitengenezea adui katika kila kijiji. Kosa hilo likirudiwa ziwani litakuwa baya zaidi, kwa maana mchungaji wa Usangu alikuwa na barabara ya kuondokea. Mkisi yuko kati ya mlima na maji. Vijiji vingi vya chini ya Milima ya Livingstone hufikiwa kwa mtumbwi au boti. Wanawake wa Ikombe hufinyanga vyungu ambavyo sifa yake imefika mbali sana, na vyungu hivyo huvuka maji mpaka Matema kuuzwa. Mvue mtu huyo ufuko, naye hana pengine pa kusimama.

Hapa mpinzani aliye mwerevu atauliza swali la haki. Kama wenyeji ni walinzi wazuri hivyo, mbona makokoro ya matundu madogo yapo, na mbona vyandarua vilivyotolewa kuzuia mbu huonekana vikivua samaki? Na mtu mwenye njaa leo atawezaje kuacha samaki kwa ajili ya kesho?

Jibu la kwanza ni kwamba njaa ya ufuko haitegemei miamba. Chakula kikubwa cha watu hutoka katika maji ya wazi, kwa usipa na wenziwe, na katika michanga na milango ya mito. Miamba ni sehemu ndogo. Hifadhi ya Malawi yenyewe ina kilomita za mraba 94 tu, nchi kavu pamoja na maji, katika ziwa lenye 29,600. Hata sehemu moja katika mia haifiki. Kuifunga miamba michache ya Matema, Lumbila na Lupingu kwa nyavu, na kuyaacha maji ya wazi kwa wavuvi, si kumnyima mtu chakula chake.

Jibu la pili ni kwamba samaki asiyeliwa naye humtumikia mtu. Katika Cape Maclear, upande wa Malawi, fukwe za wazi zilihesabiwa zamani kuwa salama kwa kichocho. Baadaye ugonjwa ulienea huko, na wataalamu waliochunguza wamehusisha kuenea kwake na kupungua kwa samaki walao konokono, kwa sababu konokono ndiye abebaye vijidudu vya kichocho. Walivuliwa kupita kiasi, konokono wakaongezeka, na mtoto aogeaye ndiye aliyelipa. Mzee wa kijiji akielezwa habari hii kwa lugha yake hatahitaji askari wa kumwambia maana ya hifadhi.

Jibu la tatu ni mifano. Hifadhi ya bahari ya Mafia iliwekwa mwaka 1995 kwa sheria ya mwaka 1994, na vijiji vilibaki ndani ya mipaka yake. Si kwamba hapakuwa na ugomvi; watu wa Jibondo walishindana na uongozi wa hifadhi kwa miaka. Lakini waliweza kushindana kwa sababu walikuwako. Ugomvi wa waliopo huweza kusuluhishwa; ugomvi wa waliofukuzwa hubaki kisasi. Kisiwa cha Chumbe, karibu na mji wa Unguja, kilitangazwa hifadhi ya matumbawe mwaka 1994. Wavuvi wa zamani walifundishwa kuwa walinzi wake, wakamweleza mvuvi mwenzao sababu ya kutotupa nyavu pale badala ya kumkamata kwanza. Fedha za wageni waogeleao kwa miwani na mrija hugharimia safari za watoto wa shule, ambao huletwa kuyaona matumbawe kwa macho yao. Chumbe haikaliwi na vijiji, na yaendeshwa na kampuni. Kwa hiyo haiwezi kuhamishwa nzima mpaka Matema. Lakini mambo mawili yake yahamishika: mvuvi kuwa mlinzi, na mtoto kuwa mgeni wa kwanza.

Zana za kuyafanya hayo hazihitaji kusubiri Bunge. Halmashauri za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu mwaka 1982. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imetoa nafasi kwa vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe zao. Basi kila kijiji kichague mwamba wake, kiutaje kwa jina, na kuweka adhabu kwa atakayeuvua. Mgeni atakayetaka kuogelea juu yake alipe ada katika mfuko wa kijiji, akiongozwa na kijana wa kijiji. Mfanyabiashara wa samaki wa mapambo asichukue hata mmoja bila ya kijiji kujua idadi na bei. Na kwa kuwa mvua huleta majini udongo wa miteremko iliyofyekwa, ukayafunika mawe, sheria ya mwamba ipande pia mlimani. Malawi iliona kwamba kuni za kukaushia samaki zilikata miti ya vilima vya hifadhi yake. Ni fundisho ambalo halina haja ya kununuliwa mara ya pili.

Wasomi nao wana deni. Vyuo vikuu vimo Mbeya na Iringa, safari ya siku moja kutoka ziwani. Samaki wa miamba wameandikwa kwa Kilatini na Kiingereza. Majina yao ya Kikisi, ya Kinyakyusa na ya Kimanda yamo vinywani mwa wazee, na kila mwaka mzee mmoja huondoka na yake. Mwanafunzi wa lugha anayetafuta somo la tasnifu, na mwanafunzi wa elimu ya viumbe aliye pamoja naye chumba kimoja, wangeweza kwenda Lumbila pamoja na kurudi na kitabu ambacho bado hakijaandikwa. Kitabu hicho ndicho kingekuwa silaha ya kijiji siku mpimaji wa viwanja atakapofika na ramani yake.

Maana siku hiyo haiko mbali. Matema imekwisha kupata nyumba za wageni, na fukwe nzuri haziachwi na wenye fedha. Hifadhi itakayowekwa baada ya mahoteli kusimama itakuwa hifadhi ya mahoteli, na mtu wa Ikombe ataambiwa asipitishe mtumbwi wake mbele ya macho ya mgeni. Itakayowekwa na vijiji kabla ya hapo itamkuta mgeni akipiga hodi kwa mwenye nyumba. Halmashauri za Kyela na Ludewa zinaweza kuchagua, na muda wa kuchagua ni kabla ya kiwanja cha kwanza kutolewa juu ya mwamba wa kwanza.